Jina Walilolificha kwa Huruma

Kosa lenyewe lilifanywa na watu wema, na kosa la watu wema ni gumu kulilalamikia. Ukifungua mdomo tu unaonekana huna shukrani.

Kwa miaka ishirini na kitu, Jedidah alikuwa Mama Igoki. Hilo ndilo jina lililojulikana Kianjokoma, kuanzia kituo cha kupimia majani chai hadi kwa wauza nduma sokoni. Jedidah lilikuwa jina la kitambulisho na la cheti cha ubatizo, jina la kutajwa na karani anayekutazama juu ya miwani. Jina la kuishi nalo lilikuwa Mama Igoki. Ukimwita hivyo kutoka ng'ambo ya bonde, alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye chai yake na kuitika kabla hata hajajua ni nani anayemwita, au anamtaka nini.

Kisha Igoki akafa. Alikuwa chuoni Embu mjini, akisomea ualimu wa chekechea, msichana mrefu mwenye kucheka kwa pua, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusonga ugali usiwe na madonge. Homa ya uti wa mgongo ilimshika wiki moja, na wiki iliyofuata majirani walikuwa wakichimba kaburi kando ya migomba. Hakuwa na ndugu. Jedidah na mumewe Muchangi walikuwa wameomba mtoto wa pili mpaka wakachoka kuomba, wakasema basi, huyu mmoja anatosha, tusimsumbue Mungu.

Baada ya mazishi akina mama wa kanisa walikaa kikao. Lydiah, mwenyekiti wao, alikuwa rafiki ya Jedidah tangu wakiwa wasichana wa kuteka maji mtoni, na ndiye aliyetoa shauri. Alisema, kwa moyo safi kabisa, kwamba kumwita mwenzao Mama Igoki sasa ni kumtonesha kidonda. Afadhali wamwite Mama tu, au Dada Jedidah, mpaka moyo wake utulie. Wote wakakubali. Mmoja alifuta machozi. Wakamaliza kwa sala, wakanywa chai, wakarudi makwao wakiamini wamefanya jambo la Kikristo. Tangu siku hiyo Igoki akafichwa Kianjokoma nzima, kama vile unavyomficha mtoto mdogo kisu.

Jedidah hakuambiwa lolote. Aligundua mwenyewe, kwenye foleni ya kupima majani, pale jirani yake wa mpakani, Mama Njeru, alipoanza kusema, "Mama Igo—" akapigwa kiwiko na aliyekuwa nyuma yake. Mama Njeru akameza neno. "Mama," akasema, "umeamkaje?" Na macho ya wote waliokuwa pale yakaenda kuangalia mizani, kana kwamba mizani ilikuwa imesema jambo la ajabu.

Sasa, Mama ni neno zuri, hakuna anayekataa. Lakini Mama anaitwa mwanamke yeyote aliyejifunga leso. Anaitwa hivyo muuza nyanya usiyemjua, anaitwa hivyo mama wa mtu mwingine aliyekukanyaga kanisani. Jedidah alijiona amevuliwa kitu hadharani, na waliomvua wanamtazama kwa upole na kumwuliza kama anasikia baridi.

Tena nyumbani kwake neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Igoki alipewa jina la mama yake Muchangi, kama desturi ilivyo kwa binti wa kwanza, na kwa hiyo Muchangi hakuwahi kumwita Igoki hata siku moja. Alimwita Mama. "Mama, niletee maji ya kunawa." Na yule mtoto, tangu akiwa na miaka mitano, alikuwa akiinama, anashika kiuno kama bibi kizee, anakokota miguu mpaka kwa baba yake, na kumwambia, "Mwanangu, leo tena hujaoga?" Muchangi angecheka mpaka maji yamwagike. Ulikuwa mchezo wao, na waliucheza hata binti alipokuwa mkubwa wa kwenda chuo.

Siku chache baada ya mazishi Muchangi aliitoa picha ya Igoki ukutani. Aliifunga kwa kitambaa cha kichwa cha binti mwenyewe, akaiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda, chini ya mablanketi. Hakusema kitu, na Jedidah hakuuliza. Tangu hapo wakawa wanaongea mezani habari za mvua, na habari za ng'ombe aliyekuwa na mimba, na baada ya hapo wakawa wanasikiliza redio.

Jedidah alilitamani lile jina kama mtu anavyotamani chumvi. Asubuhi, akiwa peke yake shambani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, alikuwa akilitamka mwenyewe. "Igoki." Aliligeuza huku na huku mdomoni, kwa sauti ya kuita, kwa sauti ya kukaripia, kwa sauti ya kuuliza nani amekula ndizi zilizoiva. Haikusaidia. Jina unalolisema mwenyewe halina mtu nyuma yake. Alichotaka ni kulisikia likitoka kwenye kinywa cha mwingine, likimjia yeye, ili ajue kwamba msichana yule alikuwako, na watu walimwona, na si yeye aliyemwota.

Akajaribu hila. Akiwa na wenzake angesema, "Yule msichana wangu alikuwa anapenda sana mvua kama hii," kisha anyamaze, awaache wamalizie. Wao wangetikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Ni kweli, mama. Pole. Mungu ana kusudi lake." Hilo la kusudi ndilo lililomchoma kuliko yote. Aliitikia amina kwa sababu alilelewa vizuri, lakini moyoni alijibu kwa hasira: kusudi langu nililizaa, nikalinyonyesha, nikalipeleka shule, nikalizika, sasa hilo lingine mnalosema ni lipi?

Siku moja ya soko, karibu na wauza kabichi, alisikia sauti ya mwanamke ikipaza: "Igoki! Wewe Igoki, hebu toka kwa hayo maji machafu!" Akageuka. Kilikuwa kitoto cha kike cha miaka minne hivi, kimevaa gambuti moja, nyingine kimeishika mkononi, na kimesimama katikati ya dimbwi kwa raha zake. Mama yake alikuwa mgeni, si mtu wa kanisa lao, wala hakuwa na habari ya maazimio ya kikao chochote.

Jedidah akawafuata. Aliwafuata kupita kwenye nafaka, kupita kwenye viatu vya mitumba, akijifanya anatazama vitunguu kila kibanda. Kile kitoto kilikuwa kitundu, asante Mungu, na kila baada ya hatua chache mama yake alikiita tena. Igoki, wacha. Igoki, njoo hapa. Igoki, nitakuchapa. Jedidah alikiombea kile kitoto kisitulie. Alitembea nyuma yao akiwa na machozi na tabasamu kwa pamoja, mpaka yule mwanamke alipogeuka na kumtazama kwa jicho kali, akamshika mwanawe mkono, na kuondoka haraka. Ndipo Jedidah akajiona jinsi alivyokuwa, mtu mzima anayenyemelea mtoto wa watu sokoni. Alinunua vitunguu asivyovihitaji, akaenda nyumbani akiona haya mpaka masikioni.

Kanisani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndiko alikotegemea nafuu. Sikukuu ya mavuno ilipofika, akina mama waliitwa mbele mmoja mmoja na vikapu vyao, kama ilivyo kawaida, na anayeita alikuwa Lydiah. "Mama Njeru!" Vigelegele. "Mama Muriithi!" Vigelegele. Jedidah alikuwa amejaza kikapu chake kwa maharagwe na ndizi na kukifunika kwa kitambaa alichokipiga pasi mara mbili, akijiambia kwamba hapa madhabahuni, mbele ya Mungu, hawawezi kumficha mtoto. Lydiah akafika kwake. Akasita, akakohoa, sauti ikawa laini. "Na sasa, mama yetu mpendwa." Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walisimama kwa heshima, kimya, kama wanavyosimama jeneza likipita. Jedidah alitembea mpaka mbele kwenye kimya hicho, akakiweka kikapu chini. Alitaka kuangua kilio, akaogopa kwamba wakimwona analia watasema, mnaona, tulifanya vizuri kutolitaja.

Angesemaje? Mtu haombi jina lake kama anavyoomba moto kwa jirani. Na isitoshe aliona kabisa kwamba wanampenda. Lydiah alikuwa akimletea maziwa, akimsaidia kupalilia, akimshika mkono kila Jumapili. Mtu akikupenda hivyo na bado anakuumiza, unamwambia nini?

Pasaka ikaja. Mchungaji wao, Pasta Murungi, ni Mmeru, na huhubiri Kiswahili chenye Kimeru ndani yake, kwa sauti inayopanda na kushuka kama barabara za kwao. Asubuhi hiyo alieleza habari ya yule mwanamke aliyekwenda kaburini alfajiri, akalikuta wazi, akasimama nje analia. Bwana akamjia. Akamwuliza kwa nini analia, na mwanamke hakumjua, alidhani ni mtunza bustani. Waliongea, na bado hakumjua. "Alimjua lini?" Pasta akauliza, akangoja. "Alimjua alipoitwa jina. Neno moja tu. Bwana hakumweleza kitu. Alimwita jina lake, macho yakafunguka."

Jedidah hakusikia mahubiri yaliyobaki. Ibada ilipoisha, alingoja watu watoke, akamfuata mchungaji mlangoni.

"Pasta, mimi Mungu ananiita nani?"

Pasta Murungi alikuwa na njaa, na bado alikuwa na ibada nyingine mbele yake. "Anakuita jina lako, mama."

"Lipi?"

Pasta alikuwako kwenye ile chai ya akina mama baada ya kikao, alijua. Kwa sifa yake, hakutafuta la kumzuga nalo. "Mama, kusema ukweli sijui," akasema taratibu. "Mwulize mwenyewe. Na akikujibu, uniambie."

Kwa hiyo akamwuliza. Tangu Pasaka hiyo hakuomba tena nguvu wala faraja, vitu ambavyo watu walikuwa wakimwombea kwa niaba yake hata bila kumwuliza. Akiwa anachuma chai, vidole vikikata majani na kutupa kikapuni mgongoni, alikuwa na ombi moja tu. Bwana, niite. Kama bado nina kazi hapa duniani, niite kwa jina ninalolijua, niitike. Kama huna kazi nami, niambie pia, niache kungoja.

Majuma kadhaa yakapita. Halafu ikaja habari kutoka chini, upande wa Ishiara, kwa kanisa ambalo lao lilikuwa na udugu nalo wa kutembeleana, wa chini wakileta asali na ndengu, wa juu wakipeleka ndizi na nduma. Mzee mmoja wa kanisa hilo, Nthiga, na mkewe Felicitas, walikuwa wamezika mtoto wao wa kiume. Alipanda mti kutundika mzinga wa nyuki, tawi likavunjika. Akina mama wa Kianjokoma wakapanga siku ya kwenda kuwafariji.

"Wewe ubaki tu upumzike, mama," Lydiah alimwambia Jedidah. "Utaumia bure."

"Nitaenda," Jedidah akasema. "Nduma zangu nimeshachimba."

Waliteremka kwa pikapu ya muumini mmoja. Barabara ikashuka kutoka kwenye baridi ya chai, ikapita kwenye kahawa, ikafika kwenye joto na vichaka vya miiba, na kila waliposhuka walivua nguo moja, mpaka masweta yote yakawa mapajani. Boma la Nthiga lilikuwa safi, limefagiliwa, na mizinga mitatu ya magogo ilikuwa imelazwa kando ya ghala ikisubiri mtu wa kuitundika. Walikaribishwa chini ya mti wa mukau, mahali penye viti vya kuazima. Waliimba. Waliomba. Wazee wa pale walisema maneno, na Pasta Murungi akasema yake.

Jedidah alikuwa amekaa mkabala na Felicitas, mwanamke mwembamba mwenye shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali, na hakuweza kumwondolea macho. Kila msemaji alisema marehemu. Marehemu alikuwa kijana mwema. Mpendwa wetu ametutangulia. Tunamwombea mama wa marehemu. Na kila mara neno hilo liliposemwa, Felicitas aliinua uso kidogo, kama mtu anayemngoja mgeni wake langoni, kisha akauinamisha, kwa sababu aliyepita si yule aliyemngoja. Aliinua, akainamisha. Aliinua, akainamisha. Jedidah alimjua yule mwanamke kuliko alivyomjua dada yake wa tumbo moja.

Mzee aliyeongoza kikao akauliza kama wageni wa kutoka juu wana neno. Lydiah akaanza kunyoosha leso yake ili asimame. Kabla hajanyanyuka, Jedidah alikuwa amesimama, na hata yeye mwenyewe alishangaa.

"Mimi sina neno," akasema. "Nina swali tu. Mtoto wenu aliitwa nani?"

Lydiah alimvuta sketi kwa nyuma. "Jedidah, haki, kaa chini," akanong'ona. Mzee wa kikao akasafisha koo, akatazama karatasi yake ambayo haikuwa na jibu.

"Kithaka," Felicitas akasema.

Alilisema kwa sauti ya chini, lakini watu wote walilisikia. Uso wake ulikuwa umeinuka, na safari hii haukuinama.

"Na Kithaka alikuwa mtu wa namna gani?" Jedidah akauliza. "Sisi hatukumjua. Tumekuja mbali. Tuambieni, turudi tukimjua."

Felicitas akamtazama mumewe, naye Nthiga akatazama chini. Basi akaanza mwenyewe. Akasema Kithaka alikuwa anachelewa kila mahali, hata siku ya kubatizwa alichelewa, akabatizwa mwisho na maji yakiwa yamebaki kidogo. Akasema alikuwa anaamini nyuki wanamjua kwa harufu, kwa hiyo siku za kurina asali alikataa kabisa kugusa sabuni, na nyumba nzima ikajua. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Felicitas akaendelea. Akasema aliimba besi kwa kwaya na hakuwahi kuipata, lakini aliimba kwa nguvu, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimweka karibu na dirisha.

"Na mbuzi!" Nthiga akasema ghafla. "Waambie ile ya mbuzi."

"Waambie wewe, ndiwe uliyemkuta."

Nthiga akaeleza jinsi siku moja ya mvua alivyofungua nyumba ya mwanawe na kumkuta mbuzi amelala kitandani, amefunikwa blanketi, na Kithaka ameketi kwenye kiti amejikunyata, anasema, "Baba, huyu ni mgonjwa, mimi ni mzima." Alipofika hapo alikuwa akicheka, na wote wakacheka, wazee kwa wake zao, na kicheko chake kikageuka kilio katikati. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kivuli cha mukau kikasogea, watu wakasogeza viti, na bado walikuwa wanamweleza Kithaka, wakikatizana, kila mtu na lake.

Watu walipoinuka kwenda kula, Felicitas alimjia Jedidah, akamshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa migumu na ya moto.

"Na wewe mwenzangu," akasema, "unaitwa Mama nani?"

Akina mama wa Kianjokoma waliokuwa karibu wakasimama na sahani zao. Lydiah akajitosa kumwokoa. "Huyu ni Dada Jedidah, yeye ni—"

"Mama Igoki," Jedidah akasema.

Sauti ilitoka ikikwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Karibu kwetu, Mama Igoki," Felicitas akasema. "Na Igoki yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Kando ya migomba."

Felicitas hakushtuka, wala hakusema pole. Alivuta viti viwili. "Kaa," akasema. "Niambie habari zake."

Na Jedidah akamwambia. Akamwambia habari za ugali wa madonge na kicheko cha puani, na ule mchezo wa kibibi kizee aliouchezea baba yake, na akasimama akauonyesha, mkono kiunoni, akikokota miguu kwenye mchanga wa watu. Felicitas alicheka. Jedidah hakuwa amemsikia mtu akicheka kwa ajili ya Igoki tangu azikwe, na ilimwingia mwilini kama chai ya moto. Hakusikia sauti kutoka mbinguni siku hiyo. Alikumbuka tu kwamba Bwana pale kaburini alimwita yule mwanamke jina lake, na mara tu baada ya kumwita alimtuma. Hakumpa muda hata wa kukumbatia miguu. Aliitwa, akatumwa. Jedidah alijua sasa kwa nini alikuwa ameachwa duniani, na alijua hivyo huku akimtamani binti yake kuliko siku zote.

Wakati wa kurudi Lydiah alikaa kando yake nyuma ya pikapu. Walipoanza kupanda kwenye baridi alimwekea sweta mabegani.

"Tulidhani tunakuhurumia," akasema.

"Najua."

"Si ungetuambia?"

"Ningewaambiaje, Lydiah?"

Pikapu ikapinda kona mbili. "Na mimi nilikuwa naona aibu," akasema mwishowe, akitazama barabara. "Watu wakiniita Mama Purity na wewe umesimama hapo. Nikaona tukikuita Mama tu, sitasikia tofauti. Sijui kama nilikuwa nakuficha wewe ama najificha mimi." Akalia. Jedidah akamshika mkono, kwa sababu alikuwa rafiki yake, na kwa sababu siku za kuchuma chai wawili hao waliwanyonyesha Purity na Igoki kwa zamu. Lakini hata hapo Lydiah hakuweza kulitamka. Ulimi ukishazoeshwa kukwepa, hukwepa hata ukiruhusiwa.

Nyumbani alimkuta Muchangi anakamua.

"Nimeulizwa jina langu huko Ishiara," akamwambia.

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Ukasema?"

"Nikasema."

Muchangi akaipeleka ndoo jikoni. Lakini asubuhi Jedidah alipoingia sebuleni aliikuta picha imerudi ukutani, imepinda upande mmoja, na mumewe amesimama mbele yake na kile kitambaa cha kichwa mkononi, hajui akiweke wapi.

"Mama alikuwa amechoka kukaa sandukuni," akasema.

Walilia pamoja kwa mara ya kwanza, wamesimama. Kisha Jedidah akaichukua picha, akainyoosha.

Tangu siku hiyo Jedidah ana kazi, na haijaandikwa mahali popote kanisani. Kukiwa na msiba, akina mama wanapobeba unga na sukari, yeye huenda pamoja nao, anakaa karibu na mwenye kufiwa, na watu wakishamaliza kuimba huuliza aliyekufa aliitwa nani na alikuwaje. Mwanzoni Pasta Murungi alikuwa na wasiwasi. Sasa anapunguza mahubiri yake ili abaki na muda, jambo ambalo waumini wengine wamelitolea shukrani kwa siri. Jedidah anajua majina ya waliolala kuanzia Kianjokoma mpaka ng'ambo ya mto, ya wazee na ya watoto wachanga, na huyataja mbele za Mungu asubuhi akichuma chai, na la mwisho huwa la kwake.

Sisemi kwamba amepona. Sokoni bado hupunguza mwendo karibu na wauza kabichi, akisikiliza. Na hapa kwao ilichukua muda. Watu walikuwa wamenyamaza pamoja siku moja, lakini ikabidi kila mmoja ajifunze kusema kivyake. Mama Njeru alianza, kwa hofu, huku akiangalia nyuma kama kuna kiwiko. Wengine wakafuata. Lydiah peke yake ndiye aliyebaki hamwiti kwa lolote. Alikuwa akija mpaka alipo na kumgusa bega.

Mpaka asubuhi moja ya ukungu. Ilikuwa imekuja habari ya msiba upande wa pili wa bonde, mama kijana, mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amewaambia watu kwamba anamtaka yule anayeuliza jina. Lydiah hakungoja kuzunguka njia yote. Alisimama kwenye ukingo wa shamba lake ng'ambo, akaweka mikono mdomoni.

"Mama Igoki!"

Sauti ilivuka bonde, ikapita juu ya chai yote.

Jedidah aliisikia tangu mara ya kwanza. Mikono yake ilikuwa imejaa majani, na jibu lilikuwa limeshafika kooni. Lakini alinyamaza, akasimama tuli katikati ya mistari, ili aitwe tena.